Je, Shukrani ni Deni?

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha, tukapewa alama, tukaiamini. Lakini ndugu msomaji, hebu tuulizane: hivi wahenga walikuwa wanamwambia nani maneno hayo? Walikuwa wanamwambia kijana mvivu ambaye shamba lake limemezwa na magugu, au walikuwa wanamwambia pia mama ambaye shamba lipo, jembe lipo, mikono ipo, ila mvua ndiyo haipo? Na huyo nduguye je? Ikiwa wakati wa kugawana urithi yeye alichukua bonde lote lenye maji akamwachia mwenzake mlima wa mawe, halafu leo anampa kibaba cha unga na kumwuliza asante yake iko wapi, methali inasemaje hapo?

Nimeyawaza sana mambo haya kwa sababu ya mahali pamoja panapoitwa Guaribas. Wengi wetu hatujapasikia. Tukitaja Brazili tunamtaja Pele, tunataja sherehe za Rio de Janeiro, tunataja msitu wa Amazoni, basi. Guaribas haimo katika picha hizo. Iko katika jimbo la Piauí, kaskazini-mashariki ya nchi, zaidi ya kilomita 600 kutoka Teresina, mji mkuu wa jimbo hilo. Ni nchi kame. Wenyewe huiita sertão, na kichaka chake cha miba ambacho hupukutisha majani yote wakati wa kiangazi hukiita caatinga. Katika ukanda huo mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haizidi milimita 800, nayo hunyesha kwa miezi michache tu, na mwaka mwingine haiji kabisa.

Huko si mbali nasi kama tunavyodhani. Mkorosho, ambao baadhi yetu huuita mkanju, asili yake ni kaskazini-mashariki hiyohiyo ya Brazili. Wareno ndio walioupandikiza pwani yetu, na jina lenyewe la mkanju limetoka katika neno lao caju. Muhogo nao ulivuka bahari kutoka bara hilohilo. Kwa hiyo tumekwisha kula sana vya watu wale, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kutudai shukrani.

Sasa tuieleze Guaribas kidogo. Inaitwa manispaa, lakini msomaji asifikirie majumba na taa za barabarani. Brazili ina manispaa zaidi ya 5,500, na nyingine ni vijiji vichache tu vilivyozungukwa na pori, ila vina meya wao na madiwani wao. Baada ya Katiba ya mwaka 1988 ikawa rahisi zaidi kuigawa manispaa moja kuwa mbili au tatu, na Guaribas ilimegwa kutoka manispaa ya Caracol, ikaanza kujitegemea mwaka 1997. Nimesema kujitegemea, nikaona kalamu inacheka. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu watu wapatao 4,400 tu. Watu hao hulima maharage, mahindi na muhogo kwa kutegemea mawingu. Kodi gani itakusanywa hapo?

Manispaa za aina hii huendeshwa kwa fedha zinazotoka serikali kuu, kupitia mfuko ambao hugawia manispaa zote sehemu ya kodi ya mapato na kodi ya viwandani. Mwajiri mkubwa huwa ni ofisi ya meya: walimu, madereva, wafagiaji, karani, mlinzi. Baada ya hapo, fedha nyingine hutoka wapi? Hutoka kwa wazee. Naam, kwa wazee. Katiba ileile ya 1988 iliwapa wakulima wadogo haki ya pensheni sawa na mshahara wa kima cha chini, mwanamume afikapo umri wa miaka 60 na mwanamke miaka 55. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za sertão, bibi kizee ambaye hawezi tena kuinua jembe ndiye mwenye mshahara wa uhakika kuliko wote. Siku ya malipo ya pensheni soko linachangamka, madeni ya dukani yanapunguzwa, wajukuu wanapata viatu. Kwingine mzee ni mzigo wa kulelewa. Huko mzee ndiye nguzo ya nyumba.

Wanaobaki katikati, yaani vijana, wengi wamekuwa wakiondoka. Zamani walipanda malori yenye mabenchi ya mbao nyuma, wakasafiri siku nyingi kwenda São Paulo kutafuta kazi. Mmoja wa waliosafiri hivyo ni mtoto wa jimbo la Pernambuco aliyezaliwa mwaka 1945. Mwaka 1952 mama yake alimpandisha yeye na ndugu zake katika lori la namna hiyo, wakawa njiani siku 13. Mtoto huyo ni Luiz Inácio Lula da Silva, ambaye baadaye alikuwa fundi wa kiwandani, kiongozi wa wafanyakazi, na tangu Januari 2003 rais wa nchi.

Hapo ndipo Guaribas inapoingia katika historia. Serikali mpya ilitangaza mpango ulioitwa Fome Zero, maana yake njaa sifuri, na Februari 2003 Guaribas ikawa miongoni mwa manispaa mbili za kwanza kujaribiwa mpango huo, pamoja na manispaa nyingine ya jimbo hilohilo, Acauã. Wakati huo wanawake wa Guaribas walikuwa wanachota maji kwenye chemchemi mlimani na kuyabeba kichwani. Familia zilizoandikishwa zilipewa kadi ya kupata reali 50 kwa mwezi, yaani robo ya mshahara wa kima cha chini wa wakati ule ambao ulikuwa reali 200. Mwezi Oktoba mwaka huohuo serikali iliunganisha misaada kadhaa ya namna hiyo ikawa mpango mmoja, Bolsa Família, ambao ulienea nchi nzima na baada ya miaka kumi ulikuwa unazifikia familia karibu milioni 14. Kadi iliandikwa kwanza kwa jina la mama. Masharti yalikuwa kwamba watoto waende shule, wachanjwe, na mama mjamzito ahudhurie kliniki.

Sasa maswali yakaanza, na maswali hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Swali la kwanza lilikuwa juu ya risiti. Mwanzoni kabisa, katika zile reali 50, kulikuwa na sharti kwamba familia ithibitishe kuwa fedha zimenunulia chakula. Watu wa mjini walibishana sana: je, si watanunulia pombe? Si watanunulia sigara? Ebo! Hebu msomaji lifikirie jambo hili kwa utulivu. Mama ambaye kwa miaka ishirini amegawa kikombe kimoja cha maharage kwa watoto sita na bado akabakiza cha kesho, huyo ndiye anayehitaji kufundishwa kutumia fedha? Tajiri akipewa mkopo wa riba nafuu na benki ya serikali, hakuna anayemfuata sokoni kuchungulia kapu lake. Anaitwa mwekezaji. Lakini maskini akipewa reali 50, kila mtu anageuka kuwa mkaguzi wa hesabu zake. Sharti lile la risiti halikudumu. Katika Bolsa Família mama alinunua alichoona kinafaa. Nadhani hapo serikali ilifanya jambo kubwa kuliko fedha zenyewe. Ilikiri kwamba maskini ana akili.

Mwaka 2013 mwanasosholojia Walquiria Leão Rego na mwanafalsafa Alessandro Pinzani walitoa kitabu kiitwacho Vozes do Bolsa Família, baada ya kuzungumza kwa miaka kadhaa na wanawake waliokuwa wakipokea fedha hizo katika sehemu maskini za nchi. Hoja yao ni kwamba fedha taslimu, hata kama ni kidogo, maadamu zinakuja kwa uhakika na zimo mkononi mwa mwanamke mwenyewe, humpa nafasi ya kuamua. Na kuamua ndiko mwanzo wa utu wa mtu mzima. Aliyezoea kuomba chumvi kwa mumewe, na mumewe kumwomba bwana shamba, sasa anasimama dukani anachagua. Mwenye duka naye, kwa kuwa anajua siku ya kadi, anamkopesha bila kumkaripia. Jambo dogo? Kwa aliyewahi kukaripiwa dukani mbele ya watoto wake si dogo.

Swali la pili ni zito zaidi, nalo si la watu wa mjini peke yao. Ni la watu wa sertão wenyewe. Mwaka 1953, wakati wa ukame, mwanamuziki Luiz Gonzaga, mzaliwa wa Exu huko Pernambuco, alirekodi wimbo uitwao Vozes da Seca, yaani sauti za ukame. Katika wimbo huo anawashukuru watu wa kusini kwa michango yao, kisha anageuka kuwaambia kwamba mtu mzima mwenye nguvu hapaswi kulishwa sadaka, bali apewe kazi, yajengwe mabwawa. Mtu kama huyo hatuwezi kumwambia kwamba anawadharau maskini. Alikuwa mtoto wao. Kwa hiyo lazima tumjibu kwa heshima.

Alikuwa anaogopa nini? Nadhani alikuwa anaogopa kile alichokiona tangu utotoni. Huko kaskazini-mashariki palikuwa na mabwana wakubwa wa ardhi walioitwa makanali, hata kama hawakuwahi kushika bunduki ya jeshi. Kanali ndiye aliyekuwa na shamba, ghala, kisima na polisi. Mkulima akiugua, kanali anatoa dawa. Mtoto akifa, kanali anatoa jeneza. Siku ya uchaguzi ikifika, mkulima anajua la kufanya bila kuambiwa. Kura ya namna hiyo Wabrazili waliipa jina la kura ya hatamu, yaani kama vile unavyomwongoza punda kwa kamba. Husimuliwa hata kwamba wapo waliopewa kiatu cha mguu mmoja kabla ya uchaguzi, na cha pili baada ya matokeo. Hata ukame wenyewe ukawa biashara. Serikali kuu ilileta fedha za mabwawa, mabwawa yakachimbwa katika mashamba ya wakubwa. Ililetwa mikokoteni na baadaye malori ya maji, na aliyeshika usukani wa lori akajua nani ni mwenzetu na nani si mwenzetu. Wabrazili waliita hali hiyo kiwanda cha ukame.

Katika hali kama hiyo shukrani ni deni, tena deni lisilolipika. Leo umekula, kesho utakula, keshokutwa utakula, na kila tonge lina jina la mtu. Ukisema hapana mara moja tu, unaitwa mwizi wa fadhila. Asante ya punda ni mateke, watakwambia.

Basi hoja ya wapinzani wa Bolsa Família ni hii: kilichobadilika ni kanali tu. Zamani alikuwa na kofia na farasi, leo yuko Brasília na ana kadi ya benki. Na ushahidi wao wanautoa Guaribas yenyewe. Mwaka 2018, katika duru ya pili ya uchaguzi wa rais, zaidi ya kura tisa katika kila kumi zilizopigwa Guaribas zilikwenda kwa mgombea wa chama cha Lula. Mwaka 2022 Lula mwenyewe alipogombea, vilevile zaidi ya tisa katika kila kumi, wakati kwa nchi nzima alishinda kwa asilimia 50.9 tu. Baada ya matokeo, matusi dhidi ya watu wa kaskazini-mashariki yalizagaa mitandaoni: wajinga, wavivu, wamenunuliwa kwa sahani ya chakula.

Je, ni kweli wamenunuliwa? Nami nitajibu, lakini kwanza tukubaliane kipimo. Maana bila kipimo tutabaki kutukanana tu.

Mimi naona vipo vipimo vitatu vya kutenganisha hisani na haki. Cha kwanza: je, kinachotolewa kinajulikana kwa wote, kwa sheria iliyoandikwa, au kinategemea mtoaji ameamkaje leo? Cha pili: anayetoa anaweza kuninyang'anya mimi peke yangu kwa kuwa hanipendi? Cha tatu, na hiki ndicho kikubwa: naweza kula, nikanawa mikono, nikamwangalia mtoaji usoni na kumwambia sikubaliani nawe, na kesho bado nikala? Ikiwa siwezi, basi hicho ni chambo hata kama kimeandikwa chakula. Ikiwa naweza, basi hicho ni haki, hata kama mtoaji anatabasamu na kupigwa picha.

Tuvipime sasa. Mwishoni mwa mwaka 2021 serikali ya rais Jair Bolsonaro iliifuta Bolsa Família, ikaweka mpango wake mwenyewe ulioitwa Auxílio Brasil. Mwezi Agosti 2022, miezi miwili kabla ya uchaguzi, malipo yake yalipandishwa kutoka reali 400 hadi 600. Fedha hizo zilifika Guaribas kama zilivyofika kwingine. Kama watu wale ni wa kununuliwa tu, basi hapo ndipo wangenunuliwa, tena kwa bei nzuri, maana aliyekuwa ameshika mfuko wakati ule hakuwa Lula, alikuwa mpinzani wake. Walizipokea. Walikula. Kisha wakaenda kupiga kura, wakamkataa aliyetoa.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi hapa kwamba huyu alistahili kushinda na yule kushindwa. Hilo ni la Wabrazili wenyewe. Ninachosema ni kwamba hoja ya kununuliwa imejiua yenyewe. Mtu anayekula kwa huyu akampigia kura yule, huyo hajafungwa kamba. Huyo ana kumbukumbu. Anakumbuka ndoo kichwani. Anakumbuka ni mwaka gani mtu wa serikali alifika kwao mara ya kwanza bila kuja kuomba kura. Na kukumbuka si utumwa. Mbona mfanyabiashara wa São Paulo akimpigia kura aliyempunguzia kodi tunasema anajua maslahi yake, lakini mkulima wa Piauí akimpigia kura aliyemletea maji tunasema ana njaa?

Kuna ushahidi mwingine, tena wa maji hayohayo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, jumuiya za wananchi wa ukanda ule kame, zilizoungana tangu mwaka 1999, zilianza kujenga matangi ya saruji pembeni mwa nyumba za wakulima. Tangi moja lina lita 16,000. Maji ya mvua yanatiririka kutoka paa la nyumba kupitia mifereji, yanaingia tangini, na familia inaweza kunywa na kupika miezi yote ya kiangazi. Matangi zaidi ya milioni moja yamekwisha kujengwa, kwa fedha za serikali na jasho la wanakijiji wenyewe. Wataalamu wa uchumi walifanya utafiti wakalinganisha familia zilizopewa tangi na zile ambazo hazijapewa, na mwaka 2022 matokeo yakachapishwa. Wenye tangi walipunguza kwenda kuwaomba wanasiasa misaada ya binafsi. Na si hivyo tu: meya aliyekuwa madarakani alipata kura chache zaidi pale palipokuwa na matangi.

Jamani, hilo ni jambo la kutafakari. Maji ni yaleyale. Lakini maji ya lori yana dereva, dereva ana bosi, na bosi ana daftari la wapiga kura. Maji ya tangi yametoka kwa Mungu yakapitia juu ya paa langu mwenyewe. Aliyesema msaada unamfunga mtu alikuwa na haki, na aliyesema msaada unamfungua mtu alikuwa na haki vilevile, ila kila mmoja alikuwa anazungumzia mfereji wake. Kuuliza tu kama asaidiwe au asisaidiwe hakutufikishi mbali. Tuulize bomba liko mikononi mwa nani.

Na hapa ndipo ninapomjibu Gonzaga. Alitaka mabwawa na kazi badala ya sadaka, naye alikuwa sahihi. Lakini tusisahau kwamba mtu mwenye njaa hawezi kusubiri bwawa likauke saruji. Ukame mkuu wa miaka ya 1877 hadi 1879 uliua watu mamia ya maelfu huko kaskazini-mashariki. Mwaka 1915 na tena 1932, katika jimbo la Ceará, waliokimbia ukame walizuiliwa kambini ili wasiingie mjini Fortaleza. Halafu kuanzia mwaka 2012 hadi 2017 ukaja tena ukame, miongoni mwa mibaya kuliko yote iliyorekodiwa. Mifugo ilikufa, mashamba yaliungua, lakini safari hii hapakuwa na misafara ya watu wakianguka njiani. Mawingu hayakuwa na huruma zaidi kuliko mwaka 1877. Tofauti ilikuwa pensheni, kadi na tangi. Daktari Josué de Castro wa Recife alikwisha kuandika mwaka 1946, katika Geografia da Fome, kwamba njaa ni kazi ya binadamu kwa binadamu wenzake. Kama njaa ni kazi ya watu, basi kuiondoa si hisani. Ni kurekebisha kilichoharibiwa. Na anayerekebisha alichoharibu hadai asante.

Hata hivyo sitaki kumaliza kama vile kila kitu kimenyooka, maana nitakuwa mwongo. Yapo mawili yanayonisumbua.

La kwanza ni yule mtu mmoja wa Guaribas, katika kila kumi, ambaye hakupiga kura kama wenzake. Sijui sababu zake na sina haja ya kuzijua. Ninawaza tu jinsi anavyopita sokoni. Ikiwa majirani wanamnyooshea kidole wakisema huyu kasahau alikotoka, basi shukrani imeanza tena kugeuka kuwa hatamu, safari hii haikushikwa na kanali bali imeshikwa na sisi wenyewe kwa sisi. Shukrani ni tamu ikitoka moyoni mwa mtu. Ikidaiwa na kijiji inakuwa kodi. Haki ya kuwa na kumbukumbu inakwenda pamoja na haki ya kukumbuka vingine.

La pili ni hili: fedha za kadi hufika Guaribas mwanzo wa mwezi, na sehemu kubwa huondoka kabla ya mwisho wa mwezi. Mchele, mafuta, sabuni, betri, karibu vyote vinatoka nje. Hicho ndicho kisa cha uchumi wa manispaa nyingi maskini: fedha inapita kama mgeni anayeomba maji ya kunywa tu, hailali. Mtoto wa mwaka 2003 leo ni mtu mzima. Alichanjwa, alisoma, hakufa. Vizuri sana. Lakini akimaliza shule afanye nini? Mwaka 2010 kipimo cha maendeleo ya binadamu cha Guaribas kilikuwa 0.508, bado chini sana kwa nchi kama Brazili. Kadi ilifungua mlango, lakini mbele ya mlango hakuna barabara ndefu. Kwa hiyo wapo ambao bado wanaondoka. Tofauti ni kwamba leo anayeondoka anaondoka kwa kutafuta, zamani alikuwa anakimbia.

Na Brazili nzima imeonja jinsi jambo hili lilivyo legelege. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitoa nchi hiyo katika ramani ya njaa. Miaka michache baadaye ikarudi humo. Bolsa Família ilirejeshwa mwaka 2023, na mwaka 2025 nchi ikatolewa tena katika ramani. Kuingia na kutoka hivi kunatufundisha kwamba haki ambayo haijaota mizizi inaweza kung'olewa na upepo wa uchaguzi mmoja tu.

Mambo haya yanatuhusu pia. Mtindo huu wa kuwapa maskini fedha kwa masharti ya shule na kliniki ulianza Amerika ya Kilatini, katika miji ya Brazili mwaka 1995 na Mexico mwaka 1997, ukasambaa duniani hadi ukafika vijijini kwetu kupitia TASAF. Nasi tumeanza kusikia maneno yaleyale. Eti kaya maskini wanalemazwa. Eti bibi fulani kaonekana amenunua khanga mpya. Na upande wa pili, yupo mwanasiasa anayesimama jukwaani na kusema sisi ndio tuliowapa, msitusahau. Wote wawili wamekosea kwa namna moja: wanadhani kile kilichotolewa kilikuwa chao.

Kwa hiyo, je, shukrani ni deni? Jibu langu ni hapana. Deni lina mdai, lina kiasi, na lina siku ya kulipa. Shukrani haina mdai. Siku inapopata mdai inakufa, na kinachobaki ni utii. Serikali iliyompa mama maji haistahili kura yake. Inastahili kupimwa naye, kama mwajiri anavyompima mfanyakazi aliyefanya kazi aliyolipwa kuifanya. Akiona imefanya vizuri na akaamua kuipa kura, ni kura yake. Akiona kesho imeharibu na akainyima, hajaiba kitu cha mtu.

Na ile methali ya wahenga? Siitupi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, ni kweli kabisa. Ila kabla hatujamtupia mtu methali hiyo usoni, tuchunguze kwanza kama kile anachokitegemea ni cha nduguye, au ni fungu lake mwenyewe lililochelewa kumfikia.